Anayekisemea kiwanda aanzie kwenye mtambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo nimekuwa nalo moyoni kwa muda mrefu, na ambalo naamini linawagusa vijana wengi wanaohitimu vyuo vya hapa Mwanza pamoja na viwanda vilivyo kandokando ya Ziwa Victoria. Mimi ni mwajiriwa wa kiwanda kimoja cha Nyakato, na kwa miaka 18 sasa nimefanya kazi ambayo kwenye mikataba huandikwa kuwa ni ya afisa mawasiliano na maendeleo ya biashara.

Mwezi uliopita nilikuwa miongoni mwa watu 4 tulioketi kuwasaili waombaji wa nafasi kama yangu. Waliofika mbele yetu walikuwa 11, wote wahitimu, wote nadhifu, na wengi wao wana vyeti ambavyo mimi sikuwa navyo nilipokuwa na umri wao. Kila mmoja tulimuuliza swali lile lile la kwanza: ukipewa kazi hii, wiki yako ya kwanza utaitumiaje? Waombaji 9 walijibu kwamba wangefungua au kuboresha kurasa za kiwanda kwenye mitandao ya kijamii. Mmoja alisema angeitisha mkutano na waandishi wa habari. Wa mwisho, binti aliyesomea uhasibu, ambaye alianza kwa kuomba radhi kwamba hakusomea mambo ya habari, alisema angeomba aoneshwe jinsi bidhaa inavyotengenezwa tangu malighafi inapoingia getini, kisha apewe vitabu vya mauzo vya mwaka uliopita ili ajue ni wateja gani waliacha kununua na kwa sababu gani. Tulimwajiri huyo. Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi kwa ajili yake na nimesikitika kwa ajili ya wale 10, kwa sababu sikuona dalili yoyote ya uvivu wala upungufu wa akili kwao. Hakuna aliyewahi kuwaeleza kazi hii ni kazi gani.

Na wala siwalaumu vijana peke yao. Wenye viwanda wengi ninaowafahamu humhesabu afisa mawasiliano kuwa mtu wa kupiga picha mgeni rasmi anapotembelea, kuagiza fulana na kofia za maonesho ya Nane Nane kule Nyamhongolo, na kuandika salamu za Idi na Krismasi. Maendeleo ya biashara humpa mtu mwingine, mara nyingi kijana wa mauzo anayelipwa kwa kamisheni, ambaye haitwi kwenye kikao chochote na haulizwi chochote isipokuwa ameuza katoni ngapi. Kwa hiyo mmoja anaandika maelezo ya bidhaa bila kumjua mnunuzi, na mwingine anakutana na mnunuzi kila siku bila kuwa na maandishi yoyote ya kumwachia. Kati yao hupotea oda ambazo hakuna hata mmoja anayejua kwamba zimepotea.

Niruhusu, Ndugu Mhariri, nieleze jinsi mimi mwenyewe nilivyofundishwa, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo. Nilianza katika kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba ambacho sitakitaja jina. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya mawasiliano ya umma, na siku yangu ya tatu niliandika maneno ya lebo mpya ya dumu la lita 5 yakisema kwamba mafuta yetu "yamepunguzwa lehemu", yaani kolesteroli. Msimamizi wa maabara, mzee aliyekuwa amekaa kwenye viwanda vya mafuta tangu ujana wake, aliniita, akanionesha karatasi yangu na kuniuliza: "Binti, tumeipunguza kwa mtambo upi?" Sikuwa na jibu. Akanieleza bila kunifokea kwamba mafuta ya mimea kwa asili yake hayana lehemu ya kupunguzwa, kwamba mnunuzi anayelijua jambo hilo atatuona waongo, na kwamba asiyelijua tutakuwa tumemdanganya. Kisha akavaa koti lake, akaniambia nimfuate.

Nilikaa naye wiki 3. Alinionesha mbegu zikifika kutoka viwanda vya kuchambua pamba zikiwa bado na manyoya mafupi yaliyoshikamana nazo, ambayo lazima yanyolewe kwanza kabla mbegu hazijabanguliwa maganda na kukamuliwa. Alinichotea mafuta ghafi kwenye chupa ya kioo, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mafuta ya pamba yakitoka kwenye mashine ya kukamulia huwa na rangi nyekundu iliyokoza hadi kukaribia weusi. Weusi huo hutokana kwa sehemu kubwa na kitu kinachoitwa gosipoli, sumu ambayo mmea wa pamba hujiwekea wenyewe dhidi ya wadudu, na ambayo ndiyo sababu mafuta haya hayaliwi yakiwa ghafi. Huchanganywa na magadi makali, takataka zikajitenga na kushuka chini zikiwa mfano wa sabuni, kisha mafuta yakapaushwa kwa udongo maalumu, na mwishowe yakapitishiwa mvuke wa joto kali ndani ya tangi lililoondolewa hewa ili harufu itoke. Alinipa chupa 4, moja ya kila hatua, nikaziweka kwenye meza yangu zikakaa hapo miaka yote niliyofanya kazi pale. Kila mnunuzi aliyeingia ofisini aliziuliza, na kwa chupa hizo 4 nimeuza mafuta mengi kuliko kwa kipeperushi chochote nilichowahi kukiandika.

Sikujua wakati ule kwamba somo la gosipoli lingekuja kuniokoa. Mwaka wangu wa pili, mama mmoja mfugaji wa kuku kutoka Buswelu alifika getini akiwa amebeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Mlinzi alikuwa amekwishamwambia arudi Jumatatu, nami nikawa napita. Nilimwamkia, nikamwomba tuingie ndani tuketi. Alipofunua bakuli niliona mayai 6 aliyoyapasua asubuhi ile, na viini vyake havikuwa vya njano. Vilikuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, kama majani ya chai yaliyochemshwa. Wateja wake walikuwa wamemrudishia trei nzima nzima wakisema mayai yameoza. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sijabadilisha kitu isipokuwa nimeanza kuwachanganyia mashudu yenu."

Tuliyapeleka mayai maabara, na mzee hakuhitaji hata kuyapima. Gosipoli inayobaki kwenye mashudu ya pamba, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, huingia kwa kuku, ikakutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini cha yai na kukibadilisha rangi. Ng'ombe mkubwa huihimili zaidi kwa sababu ya namna tumbo lake linavyosaga chakula, lakini kuku wa mayai ni habari nyingine. Kiwanda kilimlipa mama yule hasara yake. Mimi niliandika rasimu ya maneno ya kuchapwa kwenye kila gunia: mashudu haya ni kwa ajili ya ng'ombe, usiwalishe kuku wa mayai bila ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Meneja wangu aliipinga rasimu hiyo kwa wiki nzima, na hofu yake ninaielewa hadi leo, kwa maana alidhani tunakwenda kuwafukuza wateja kwa mikono yetu wenyewe. Nilimwomba ruhusa ya siku 5. Nikafuatana na bwana mifugo hadi kwa wanenepeshaji wa ng'ombe wa upande wa Misungwi na Magu, nikaketi nao kwenye maboma yao, nikawaeleza kwa Kisukuma kilichomo ndani ya mashudu, ni kwa ng'ombe gani yanafaa, kwa nini ndama wasipewe, na kiwanda kinaweza kutoa magunia mangapi kwa wiki. Msimu uliofuata walikuja na malori, wakinunua shehena nzima badala ya gunia mojamoja, na maneno yale yakachapwa.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu ndani yake imo kazi yote. Lalamiko lilipokelewa getini, likapelekwa maabara, likageuka kuwa maandishi kwenye gunia, na maandishi yale yakafungua soko ambalo hatukuwa tumelifikiria. Hakuna mahali katika mnyororo huo ambapo ningeweza kusema, hapa mawasiliano yamekwisha na sasa yanaanza maendeleo ya biashara.

Ni vyema pia vijana waelewe kwamba sehemu kubwa ya bidhaa za viwandani haiuzwi kwa mtu anayepita dukani. Anayenunua magunia ya kufungashia, vipuri, kemikali za kusafishia, sare za kazi au mafuta kwa madumu 200 ni taasisi, na ndani ya taasisi hiyo kuna angalau watu 3 wenye maswali tofauti. Fundi mkuu anataka kujua kama bidhaa itafanya kazi kwenye mashine zake. Afisa ununuzi anataka nyaraka zilizokamilika, tena kwa wakati. Mhasibu anataka kujua kama mtakubali kulipwa baada ya siku 30 au 60. Tangazo zuri la redioni halimjibu hata mmoja wao. Huyo fundi mkuu atasoma karatasi moja ya maelezo ya bidhaa iliyoandikwa na mtu anayeijua, akaiweka kwenye faili, na miezi 7 baadaye, kipuri chake kinapokatika, ataitoa na kupiga simu. Kwa hiyo anayeifanya kazi hii anapaswa kuwa na subira ambayo kazi ya habari za kila siku haiwafundishi watu.

Nitatoa mfano mmoja tu. Ndugu wawili wenye kiwanda kidogo cha sabuni ya maji na dawa za kusafishia sakafu huko Igoma waliniomba niwasaidie siku za mapumziko. Walikuwa wameomba kuuza bidhaa zao kwa mgodi mmoja wa kanda hii, wakiwa na matumaini makubwa kwa sababu kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinaitaka migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Sabuni yao ilikuwa nzuri, bei yao ilikuwa ya chini, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) walikuwa nayo. Walienguliwa katika hatua ya kwanza kabisa, kabla mtu yeyote hajaifungua chupa yao. Hawakuwa wameambatisha karatasi ya usalama wa kemikali, ile yenye sehemu 16 inayoeleza kilichomo ndani ya bidhaa, madhara yake, huduma ya kwanza ikimwagikia mtu machoni, jinsi ya kuihifadhi, kuisafirisha na kuiteketeza. Hawakuwa wamewahi kuisikia. Walidhani wameonewa, na mmoja wao alikuwa amekwishaandika barua ya kulalamika.

Tuliketi wiki 3, mimi, wao na kijana mmoja aliyesomea kemia, tukaiandika karatasi hiyo kwa Kiingereza kwa ajili ya mgodi na kwa Kiswahili kwa ajili ya wafanyakazi wao wenyewe, ambao hadi siku hiyo walikuwa wakichanganya kemikali bila glavu. Tuliandika pia wasifu wa kampuni wa kurasa 4, usio na maneno ya kujisifu, wenye picha za mitambo yao, uwezo wao wa kuzalisha kwa wiki, na majina ya taasisi zilizokubali kuwashuhudia. Safari ya pili walipewa oda ya majaribio, kisha mkataba wa mwaka mmoja. Ile barua ya kulalamika haikutumwa. Najiuliza mara nyingi ni viwanda vingapi vidogo vya Nyakato, Igoma na Buhongwa vinavyoamini kwamba vinanyimwa soko, kumbe vinakosa mtu wa kuandika karatasi moja sawasawa.

Nami nimewahi kukosea kwa upande wa pili, na kosa hilo ni langu peke yangu. Niliwahi kumwahidi mnunuzi wa jumla wa Bukoba madumu 400 ndani ya siku 10 bila kumuuliza msimamizi wa uzalishaji. Boila lilikuwa limepangiwa matengenezo wiki ile ile. Mnunuzi alikuwa amekwishawaahidi wenye maduka, nao walikuwa wamekwishapokea malipo ya awali ya watu. Nilipanda meli kwenda kumwomba radhi ana kwa ana, akanisikiliza kwa heshima, akaninywesha chai, na hakununua kwetu tena. Tangu mwaka ule, kila Jumatatu saa 2 asubuhi ninaketi kwenye kikao cha uzalishaji nikiwa na daftari, ninaandika mtambo upi umesimama, malighafi imebaki ya siku ngapi, na oda zipi zimechelewa, na sitoi ahadi yoyote kwa mteja nje ya yale yaliyomo kwenye daftari hilo.

Wakazi wa Mwanza hawapaswi kushangaa nikisema kwamba maneno yasiyo na kiwanda nyuma yake hayauzi kitu, kwa sababu mji huu ulishalipa gharama ya kujifunza jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya vimelea na kipindupindu, kisha mwaka 1999 kwa hofu ya sumu iliyosemwa kutumiwa na baadhi ya wavuvi. Viwanda vya minofu ya sangara vilipunguza kazi au kusimama, na maumivu yalishuka hadi kwa mvuvi, mbeba mizigo na mama lishe wa mwaloni. Soko halikurudishwa kwa matangazo. Lilirudi kwa ukaguzi wa viwanda na mialo, kwa barafu, kwa sakafu zinazosafishika, kwa vipimo vya maabara na kwa kumbukumbu zinazoweza kumwonesha mnunuzi wa ng'ambo samaki huyu alipokelewa wapi na lini. Waliofanya kazi ya kuzikusanya kumbukumbu hizo, kuzieleza kwa lugha ambayo mkaguzi mgeni anaielewa, na kuwajibu wanunuzi waliokuwa na mashaka, walikuwa wakifanya kazi hii ninayoizungumzia, hata kama hakuna aliyewaita maafisa mawasiliano.

Fursa za sasa sihitaji kuzieleza sana, kwa kuwa gazeti lako limekuwa likiziripoti. Daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeiondolea barabara ya Sengerema na Geita foleni za kivuko. Reli ya kisasa inajengwa kutoka Mwanza kwenda Isaka, wakati ile ya zamani ilitufikia mwaka 1928. Uganda na Kenya zipo ng'ambo ya maji, Rwanda na Burundi si mbali kwa lori. Hata hivyo, pamba ya kanda hii kwa sehemu kubwa bado huondoka ikiwa nyuzi ghafi, na nguo hurudi kutoka nje. Barabara na reli hubeba mizigo ya kila mtu, ikiwemo ya washindani wetu kuja kwetu, na kiwanda cha Mwanza kisichokuwa na mtu wa kukitafutia wanunuzi Kampala au Kigali kitawaona wa Kampala na Kigali wakifika hapa kwanza.

Kwa kijana anayefikiria kuingia kwenye kazi hii, ningependa kumwambia ukweli wote. Mshahara wa kuanzia ni wa kawaida. Utavaa viatu vya usalama, utasafiri kwa basi la alfajiri, utaandika barua zilezile kwa wanunuzi wasiojibu. Lakini baada ya miaka michache utakuwa na kitu ambacho wengi waliosoma nawe hawana, yaani utaifahamu bidhaa, gharama yake, sheria zake na watu wanaoinunua, na ujuzi huo unabebeka kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye minofu, kutoka kwenye minofu kwenda kwenye vifungashio. Soma hesabu za gharama kiasi cha kuweza kuketi na mhasibu. Fahamu kazi za TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula na vipodozi baada ya majukumu hayo kuondolewa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Fahamu kwa nini bakodi ya bidhaa iliyosajiliwa hapa nchini huanza na tarakimu 620, na jinsi zabuni za serikali zinavyoombwa kwenye mfumo wa NeST. Andika Kiingereza kisafi kwa ajili ya nyaraka, na usikione Kisukuma kuwa lugha ya kuacha kijijini, kwa maana mimi kimenipa soko. Kifaransa kidogo kitakufaa sana siku utakapokwenda Bujumbura.

Vyuo vyetu navyo vina nafasi kubwa ya kusaidia. Malimbe, ambako Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kimewalea waandishi wengi wa nchi hii, na eneo la viwanda la Nyakato, ambako lipo pia shirika la viwanda vidogo, SIDO, na chuo cha ufundi cha VETA, vimo ndani ya jiji moja na daladala inavifikia vyote asubuhi moja. Hata hivyo, katika miaka yangu yote nimepokea wanafunzi wachache mno wa mawasiliano waliokuja kufanya mafunzo kwa vitendo kiwandani. Wengi hupangiwa redio, magazeti na ofisi za serikali. Naomba wahadhiri wafikirie kumpa kila mwanafunzi wa mawasiliano na wa biashara kazi moja tu kabla hajahitimu: aende kwenye kiwanda halisi, aandike karatasi moja ya maelezo ya bidhaa, na isomwe na fundi wa kiwanda hicho pamoja na mnunuzi mmoja. Alama zitolewe na hao wawili.

Kwa wenye viwanda wenzetu ombi langu ni dogo zaidi. Wekeni kiti kimoja kwenye kikao cha uzalishaji kwa ajili ya mtu wa mawasiliano na biashara, na mumpe ruhusa ya kuingia maabara, ghalani na kwenye vitabu vya mauzo. Kama hamwezi kumlipa peke yenu, wenye viwanda vidogo 3 au 4 visivyoshindana wanaweza kumchangia mtu mmoja, na chemba ya biashara ya mkoa inaweza kuwa mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo hayo. Niko tayari kuketi na yeyote atakayetaka kujaribu, bila malipo, jioni baada ya kazi.

Mwajiri wangu amekwishanikubalia nafasi 2 za wanafunzi kwa likizo ndefu ijayo. Watakaokuja wataripoti getini saa 1 kamili asubuhi, zamu inapobadilishana, na wiki 3 za kwanza hawatakuwa na meza wala kompyuta. Watakuwa chini ya msimamizi wa uzalishaji, na yule binti wa uhasibu tuliyemwajiri mwezi uliopita ameomba awe pamoja nao.

Ni mimi msomaji wako,
Nyakato, Mwanza